Msimu wa Kitufe cha Tisa

Jumamosi, 6 Juni

Daftari hili nimepewa kwa kazi nyingine. Kila msimu wa matamasha unapoanza, Mama Mkubwa hunipa moja jipya, na juu ya jalada huandika kwa ule mwandiko wake wa kulalia kushoto: MAKOSA. Anamaanisha makosa ya mitambo: waya uliokwaruza, maiki iliyopiga mluzi, spika iliyokoroma. Mimi ni fundi wa sauti wa lebo ya muziki. Yeye ni msanii mkongwe kuliko wote tulio nao, dada mkubwa wa marehemu mama yangu, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka tisa. Mashabiki wanamwita Kengele. Leo nina kosa la kuandika, ila si la waya.

Tamasha la kwanza la msimu: uwanja wa mpira, saa kumi jioni, vumbi mpaka kwenye meno. Kengele alipanda baada ya Mapacha (ambao si ndugu hata kidogo, wanavaa sare tu). Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, pale unapopanda, sauti ikakatika. Akaiokota chini, akacheka na watu, akaendelea. Ikakatika tena. Mstari mzima wa mbele wakainua simu zao.

Nilijua ana shida. Tangu mvua ziishe amekuwa anakwaruza. Mwezi uliopita nilimburuta kwa daktari wa koo, naye akampa miadi ya kuangaliwa kwa kamera, tarehe 25 mwezi huu. Nimeizungushia duara jekundu kwenye kalenda ya jikoni kwake.

Kwenye basi kila mtu alikuwa anachungulia dirishani kana kwamba kuna cha kuona. Yeye ndiye aliyetuonea huruma. "Mbona mmenuna? Kuna msiba sijaambiwa?"

Jumatatu, 8 Juni

Jumatatu asubuhi ni siku yetu. Tunakaa jikoni kwake, chai katikati ya meza, tunasikiliza rekodi ya Jumamosi. Mimi huitoa kwenye mitambo nikaiweka kwenye flashi. Yeye bado anaiita kanda. Anashika penseli na kuandika: hapa nimechelewa, hapa nimeshuka, hapa gita limenizidi. Alinifundisha hivyo tangu sijui kushika koleo. Jukwaani usiyaamini masikio yako, alisema, kwa sababu kuna kelele na kuna woga na kuna furaha. Subiri kanda ya Jumatatu, hiyo ndiyo uiamini. Ana miaka thelathini akifanya hivyo, na hajawahi kubishana na kanda.

Leo alisikiliza hadi mwisho, penseli haikugusa karatasi.

"Nimezeeka, Fundi."

"Ni vumbi lile, Mama."

"Vumbi halina miaka sitini na moja."

Mchana Meneja akaniita. Video ya ile sauti kukatika imezunguka, wameiwekea na kicheko. Waandaaji wa tamasha kubwa la kufunga msimu, lile la tarehe 8 Agosti, wamepiga simu. Wanamtaka Kengele wa kwenye albamu. Huyu wa juzi hawamtaki.

"Sasa sikia," akasema, huku anatafuna kifuniko cha kalamu. "Sauti yake ya albamu ya zamani unayo. Iweke chini ya bendi. Akiimba, wewe mshushe yeye, pandisha ile. Akiongea na watu, mrudishe."

"Mama Mkubwa aimbie CD? Hatakubali hata kwa dawa."

"Nani kasema tunamwambia?"

Nikainuka kuondoka.

"Si sauti yake mwenyewe? Tunamwibia nani? Ama unataka nimtoe kwenye orodha, nimwambie apumzike nyumbani? Mwambie wewe, basi. Wewe ndiye mwanawe."

Kisha, nilipokuwa nimeshika mlango, akaongeza kwamba kwenye tamasha la kufunga msimu anafikiria kunipa ukuu wa mitambo, jukwaa zima, si la wasanii wetu tu. Nilisema nitalifikiria. Sikufikiria. Niliposhuka ngazi zile nilikuwa tayari napanga nyaya kichwani.

Jumamosi, 13 Juni

Imefanyika, tena kwa urahisi unaotia aibu.

Niandike ilivyo, kwa sababu hakuna mwingine nitakayemwambia. Maiki ya Mama Mkubwa inaingia kwenye kitufe cha tisa, kile cha kuteleza juu na chini. Kwenye kitufe cha kumi nimeweka sauti yake ya miaka kumi na tisa iliyopita. Watu uwanjani wanasikia cha kumi. Yeye mwenyewe, kwenye spika ya miguuni pake, namwachia cha tisa, ili asishtuke. Mpiga dramsi anavaa hedifoni yenye mdundo wa kumwongoza asitoke nje ya albamu. Mama tulimwambia mdundo ni kwa ajili ya kwenda sawa na taa.

Kwa hiyo mpiga dramsi anajua. Nilipomvalisha hedifoni aliniangalia kwa muda, akasema, "Haya," kisha hakuniangalia tena jioni nzima. Mtu mwenyewe huwa anachelewa mazoezi na kuazima fimbo za kupigia, leo ananifanyia utakatifu.

Akiimba, kidole chini. Akiongea, kidole juu. Walimshangilia mpaka nguzo za taa zikatikisika. Meneja alinipigia saluti kutoka kando ya jukwaa.

Jumatatu, 15 Juni

Sikuwa nimefikiria Jumatatu. Fundi mzima, nimepanga kila kitu mpaka taa, nikasahau chai.

Nikaweka flashi. Akasikiliza wimbo wa kwanza kiganja kikiwa kwenye shavu. Kwenye wa pili, pale panapopanda, sauti ikapanda yote bila kutetereka, akafumba macho. Alipofumbua yalikuwa yamelowa.

"Jamani," akasema. "Mimi kichwani nilikuwa nasikia kokoto tupu. Kokoto! Nikasema leo tena nimewaaibisha. Kumbe ni masikio yangu."

Nilikuwa na nafasi hapo. Ilikuwa nafasi pana, ya kupitisha hata basi la bendi. Nikammiminia chai.

Jumamosi, 20 Juni

Upepo. Turubai la jukwaa lilitaka kuruka na Mapacha. Kidole chini, kidole juu.

Jumatano, 24 Juni

Nimempitia kumkumbusha ya kesho. Nikamkuta anapiga pasi gauni la Jumamosi.

"Hospitali ya nini tena?" akasema, sauti imekwaruza kiasi kwamba ilinibidi nisogee. "Wewe si umesikia kanda? Koo la mgonjwa linaimba vile?"

"Mama, bado unakwaruza."

"Nakwaruza kwa sababu naongea na wewe ovyo. Nikipumzika wiki nzima, Jumamosi inatoka safi. Kanda mbili mfululizo, Fundi. Mara mbili si bahati."

Nikasema kipimo hakiumi. Nikasema nitamsindikiza, na nitaomba ruhusa kazini. Nikasema yote isipokuwa lile neno moja kuhusu kanda, ambalo lingemvalisha viatu aende. Akaniangalia, akacheka, akanipapasa kichwa. "Mwanangu ana wasiwasi kama bibi kizee."

Nilipofika kwangu nilikaa kitandani na viatu. Nilijiambia kwamba msimu ni wiki chache tu, ukiisha nitampeleka hata kwa kumbeba. Nilijiambia pia kwamba namhurumia, nikimwambia sasa nitamvunja moyo. Sijui ni nani niliyekuwa namdanganya, maana chumbani nilikuwa peke yangu.

Alhamisi, 25 Juni

Hakwenda.

Jumamosi, 27 Juni

Maelfu ya watu. Meneja kaleta waandishi wawili. Mmoja kaandika "sauti isiyochakaa". Kidole kimefanya kazi yake.

Jumatatu, 29 Juni

Ameanza kusikiliza kanda bila penseli. Anasikiliza kwa raha, anatikisa mguu. Jirani yake mshonaji kaitwa naye asikilize. "Huyu ndiye anayenitengenezea sauti," Mama Mkubwa akamwambia, mkono begani kwangu. Mshonaji akanipa hongera. Nilitamani sakafu ipasuke, lakini sakafu ya jiko lile ni saruji nzuri, marehemu mumewe, Baba Mkubwa, aliimimina mwenyewe.

Jumamosi, 4 Julai

Joto. Jenereta mbili. Hakuna la kuandika isipokuwa lile lile.

Alhamisi, 9 Julai

Siku hizi haniiti kwa jina. Anagonga kikombe kwa kijiko. Mara moja ni "njoo", mara mbili ni "jirani kaja". Anasema anatunza sauti ya Jumamosi. Nilimkuta kwenye sinki anatema, akafungua maji haraka. Niliona wekundu kidogo kabla haujaenda.

"Ni dawa ya kusukutua," akasema.

Nikaitikia. Ndiyo kazi yangu msimu huu, kuitikia.

Jumamosi, 11 Julai

Mpiga dramsi hakuvaa hedifoni mpaka nilipomfuata. "Huyu mama amenilipia harusi," akasema. "Amenisimamia ukweni kama mwanawe. Mpaka lini, Fundi?"

Nikamwambia aseme na Meneja.

"Meneja si mwanawe," akasema, akavaa.

Nilikuwa namwona mtu wa hovyo. Nimefanya naye kazi miaka sita na sikujua kwamba Mama alimsimamia.

Ijumaa, 17 Julai

Ana furaha mpya. Kesho anataka kuimba "Koti la Bluu".

Lazima nieleze wimbo huo ni upi. Albamu ya miaka kumi na tisa iliyopita waliirekodi yeye na mumewe, Baba Mkubwa, chumba kimoja, yeye anaimba na Baba Mkubwa anapiga gita hatua mbili pembeni. Katika "Koti la Bluu", kabla ya ubeti wa tatu, kila kitu kinanyamaza kidogo, na hapo katikati ya kimya Baba Mkubwa alikohoa. Kikohozi kimoja, kikavu. Mtayarishaji alitaka kukifuta, Mama akakataa. Wakakiacha. Mashabiki wakakipenda, na ikawa desturi: kwenye matamasha, wimbo ukifika hapo, uwanja mzima unakohoa kwa pamoja, kisha wanacheka, kisha ubeti wa tatu.

Baba Mkubwa hakuwahi kuimba hata mstari mmoja kwenye rekodi yoyote. Kikohozi kile ndicho pekee alichotuachia kwa sauti yake. Alipofariki, miaka minne iliyopita, Mama aliufunga wimbo ule. Hakuna aliyethubutu kumwomba.

"Sauti imerudi," akaniambia leo. "Nikisubiri zaidi nitasubiri nini?"

Usafiri ni alfajiri. Nitauandaa wimbo ndani ya basi.

Jumamosi, 18 Julai

Aliuimba. Watu wazima walilia. Ulipofika penye kimya, uwanja wote ukakohoa, sauti moja kubwa kama mlango wa ghala, naye akaweka mkono kifuani akasubiri wamalize kucheka. Hata mimi nililia, kidole changu kikiwa pale pale, kimemfunga.

Jumatatu, 20 Julai

Niandike polepole.

Chai, flashi, mkate. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Akaniambia niruke nyimbo nyingine, niende moja kwa moja kwenye "Koti la Bluu".

Rekodi yangu inatoka kwenye mitambo, si uwanjani. Inachukua maiki na vyombo. Watu wanasikika kwa mbali sana, kama wako mtaa wa pili. Nyimbo zote nyingine nilikuwa nimezisafisha vizuri, nimekata kila pumzi iliyozidi na kila mlio wa kiti. Huu niliuandaa kwenye basi linalorukaruka, kompyuta mapajani, Mapacha wanabishana kuhusu soksi. Na uwanjani sikuweza kusikia kosa langu, kwa sababu watu elfu kadhaa walikohoa juu yake.

Kimya kikafika. Kwa mbali, watu. Na karibu kabisa, kama aliyekaa kwenye kile kiti cha tatu pale mezani, kilichokuwa chake, Baba Mkubwa akakohoa.

Mama Mkubwa akatabasamu. Akageuka kuangalia mlango. Nadhani kwa nusu dakika alikuwa na furaha ambayo sitaweza kumpa tena mtu yeyote.

"Amekohoa," akasema.

Kisha tabasamu likabaki mdomoni bila mwenyewe. Akanyoosha kidole: rudisha. Nikarudisha. Baba Mkubwa akakohoa tena. Mara ya tatu Mama hakuangalia mlango, aliniangalia mimi.

"Ni wimbo huu tu?"

"Zote, Mama."

"Tangu lini?"

"Tarehe kumi na tatu mwezi wa sita."

Akawa anahesabu kwa kugusa vidole mezani. Jumamosi sita. Alipomaliza akashika koo lake, taratibu, kama anayeshika kitu cha mtu mwingine.

"Kwa hiyo zile kokoto ninazosikia ni mimi."

"Ni wewe, Mama."

"Na kanda..."

"Kanda niliitengeneza."

Nilingoja tusi. Nilingoja kikombe. Nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili, na nakiri ningevipokea kwa shukrani. Akasimama, akaenda kwenye kalenda, akafunua kurasa nyuma mpaka mwezi wa sita, akaweka kidole kwenye duara jekundu.

"Hili ulilichora wewe," akasema kwa kile kisauti kilichobaki. "Ulinipeleka hospitali wewe. Halafu ukanirudisha nyumbani wewe. Sasa nikuitikie lipi?"

Akaniambia niende kazini. Nimekwenda. Nimekaa stoo ya vyombo mpaka saa za kufunga ofisi, nimeviringisha nyaya zilizokwisha kuviringishwa.

Jumanne, 21 Julai

Nilimwambia Meneja kwamba amejua. Alikaa chini. Kumbe na yeye huogopa. Nilidhani anatafuna kalamu kwa ukali, kumbe ni woga. "Kuna watu kumi na wanne wanakula kwenye lebo hii," akasema. "Nisingekuwa na Kengele kwenye tangazo, wawili watatu ningewaondoa." Akaniuliza kama amekasirika sana. Nikasema sijui. Akasema, "Bora angekasirika."

Jumamosi, 25 Julai

Kengele hakutokea. Tangazo limesema mafua. Mpiga dramsi alipiga na Mapacha bila hedifoni. Aliniletea chupa ya maji.

Jumatatu, 27 Julai

Nilidhani hatataka sura yangu. Saa moja asubuhi akatuma ujumbe: "Njoo unisindikize. Daktari kanipa nafasi leo."

Daktari ni mwanamke mfupi mwenye miwani kwenye kamba. Alimwingiza kamera, tukaona wote kwenye skrini: zile nyuzi mbili za sauti, moja nyeupe, moja imevimba, ina mpasuko na damu iliyoganda.

"Mwezi wa sita," daktari akasema, "kwa maelezo uliyonipa, kilikuwa kivimbe. Ningekikata, ungenyamaza wiki mbili, ukarudi kuimba. Sasa uzi umepasuka. Umekuwa ukiimba kwa nguvu juu ya kidonda. Nitakupasua, ndiyo, Jumanne ya tarehe 11. Utaongea. Kuimba, mama yangu, sitakudanganya. Hutaimba tena."

Akavua miwani. "Miadi ilikuwa tarehe 25. Kwa nini hukuja?"

Nikafungua mdomo. Mama Mkubwa akaniwekea mkono gotini, akaubana.

"Nilikuwa na shughuli nyingi," akamwambia daktari. "Uzembe wangu."

Daktari akaandika uzembe wake kwenye faili. Uko pale sasa, kwa wino, na jina lake juu. Nimeona aibu mara nyingi msimu huu na kila mara nilidhani nimefika mwisho wake. Nilitembea nyuma yake kwenye ile korido ndefu, nikamwangalia mgongo, nikashindwa hata kumbebea mkoba.

Jumamosi, 1 Agosti

Mawingu. Hakuna tamasha.

Jumatatu, 3 Agosti

Aliniita kwa kijiko. Kuna kanda? Hakuna. Tukanywa chai.

"Ya kufunga msimu nitakwenda," akasema. Sasa ni mnong'ono tu wa hewa, inabidi nimwangalie mdomo. "Wimbo mmoja. Kwa hii hii niliyonayo."

"Mama, daktari..."

"Nimempigia. Kasema haniruhusu, ila wimbo mmoja hautabadilisha alichokwisha kuniambia." Akakoroga chai isiyo na sukari. "Utakuwa kwenye mitambo?"

"Meneja ataweka mtu mwingine nikimwomba."

"Sijakuuliza hilo."

"Nitakuwepo."

"Hiyo sauti ya zamani uiache nyumbani."

Jumamosi, 8 Agosti

Mvua isiyo ya wakati wake ilinyesha asubuhi, ikatuachia matope na jua la kuosha macho. Jukwaa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanyia kazi. Mimi ndiye mkuu wa mitambo, nina kitambulisho shingoni chenye picha yangu. Sikukiangalia.

Alipanda saa tisa alasiri na gauni la bluu. Kidole juu.

"Tangu mwezi wa sita," akawaambia, na ule mnong'ono nikaukuza mpaka ukafika nyuma kabisa, "tumewapa sauti yangu ya miaka kumi na tisa iliyopita. Mlishangilia kitu kizuri, lakini hakikuwa cha siku hiyo. Mtusamehe. Hii ya leo ndiyo yangu ya leo."

Tumewapa. Mtusamehe. Hakusema nani. Mtu mmoja akapiga mluzi, wengine wakamnyamazisha. Meneja alikuwa kando ya jukwaa, amejishika kichwa kwa mikono miwili.

Gita likaanza. Akavuta pumzi, akafungua mdomo, na kidole changu kikashuka.

Sikukituma. Au nilikituma, sijui. Nilisikia kile kikwaruzo cha kwanza kwenye hedifoni, nikaona bahari ya nyuso zile, na mkono ukafanya ulichofanya msimu mzima. Chini yake, kwenye kitufe cha kumi, hapakuwa na kitu. Watu wale wote walimwona Kengele mdomo wazi, mishipa ya shingo imetoka, na hakuna sauti. Yeye hakujua. Spika ya miguuni ilikuwa inampa sauti yake kama kawaida. Mtu akacheka. Ndipo nikapandisha.

Aliimba wimbo wote. Ilikuwa sauti mbovu, na sitaipamba. Ilikwama, ilipotea, ikarudi chini kuliko ilipotakiwa. Wapo walioondoka kwenda kununua vinywaji. Ulipofika penye kimya, wakakohoa. Si uwanja wote, pengine nusu. Yeye akaweka mkono kifuani, akasubiri, akamalizia ubeti wa tatu karibu kwa kuongea. Akashuka ngazi mwenyewe. Mpiga dramsi aliacha vyombo akaenda kumshika mkono.

Jumapili, 9 Agosti

Nimepima muda niliomfunga jana. Ni sekunde nne.

Kuzifuta ni kazi ya dakika moja. Unakata pale gita linapoanza, unaunganisha na pale sauti inapoingia, na hata mtaalamu hasikii. Nimezifanya kazi hizo mara mia msimu huu. Kompyuta iko wazi mbele yangu tangu asubuhi. Kesho kutwa anapasuliwa, na daktari kamkataza kutoa hata mnong'ono. Kwa nini kanda yake ya mwisho iwe na sekunde zile? Ningemhurumia tu.

Nimeliandika hilo neno, nikalisoma. Ndilo nililotumia mwezi wa sita.

Nimefunga kompyuta. Flashi iko mfukoni, nzima.

Jumatatu, 10 Agosti

Chai, flashi. Alikuwa na kijitabu cha kuandikia na penseli, ile ya zamani, ameichonga.

Akasikiliza hotuba yake. Gita likaanza. Kisha gita tupu, bila sauti yake. Moja, mbili, tatu, nne. Kisha sauti, katikati ya neno.

Hakusimamisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akaandika kama anavyoandika siku zote, hapa nimechelewa, hapa nimeshuka, hapa gita limenizidi. Kwenye kikohozi aliandika: "wachache, lakini sawa." Kisha akarudi juu kabisa ya ukurasa, kwenye nafasi aliyokuwa ameiacha, akaandika akanigeuzia.

"Sekunde nne. Ulinifunga?"

"Nilikufunga, Mama."

"Mazoea ya mkono?" akaandika.

Alikuwa ananipa mlango. Nilikuwa nimebakiza kuitikia kwa kichwa tu. Msimu mzima nimesema nilimfanyia kwa huruma, nikasema kwa ajili ya lebo, nikasema ni Meneja.

"Si mkono," nikasema. "Niliona aibu."

Akaandika maneno mawili: "Yangu? Yako?" Akanisogezea penseli.

Nilikaa nayo muda mrefu mpaka chai ikafanya utando. Kisha nikapigia mstari neno lake la kwanza. Nilimwonea aibu yeye. Tangu ile Jumamosi ya vumbi, sauti ilipokatika na watu wakainua simu, nilimwonea aibu mwanamke aliyenilea, na yote niliyofanya baadaye yalitoka hapo.

Akasoma ule mstari. Akavuta pumzi ndefu kwa pua. Mkono wake ukaja mezani, nikadhani unanijia mimi, ukapita, ukachukua penseli. Akaandika: "Hilo ndilo kosa. Liandike kwenye daftari." Na chini yake: "Sasa rudisha mwanzo."

Nikarudisha. Tukazisikiliza zile sekunde nne, mimi na yeye, na hakuna aliyekohoa.